Mguu Mfu, Injini Mfu: Mwongozo wa Kuruka kwa Injini Mbili na Mwalimu

Kwenye Kiwanja cha Ndege cha Wilson, Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, Piper Seminole iliyojaa watu na mafuta huwa imeshapita dari yake ya injini moja kabla haijawasha hata injini ya kwanza. Kitabu cha ndege hiyo kinasema kwamba ikiwa na uzito wake wote wa kilo 1,724 na injini moja imezima, itapanda hadi futi 3,800 tu. Hapo ndipo uwezo wake wa kupanda hushuka hadi futi 50 kwa dakika, na wahandisi wamekubaliana kupaita dari. Mombasa au Dar es Salaam, ambako viwanja viko chini ya futi 250, dari hiyo iko mbali juu ya kichwa cha rubani. Wilson, iko chini ya miguu yake, ndani ya udongo.

Msomaji mwenye leseni ya rubani binafsi, aliyezoea Cessna 172 na injini yake moja, mara nyingi huenda kwa mwalimu wa injini mbili akiamini kwamba anakwenda kununua usalama. Injini ya pili anaifikiria kama tairi la akiba. Lakini tairi la akiba hulala kwenye buti likisubiri siku yake; injini ya pili huzunguka muda wote, hunywa mafuta muda wote, na siku mwenzake anapozima, huivuta ndege upande mmoja. Saa za mafunzo zenyewe zinaeleza kazi iko wapi. Kanuni za Ulaya hutaka angalau saa 6 angani na mwalimu: mbili na nusu za urukaji wa kawaida, na tatu na nusu za kuruka huku injini moja haivuti. Marekani haikuweka idadi ya saa, ila mtihani wake umejaa mambo hayo hayo. Kwa Kenya, mwanafunzi amuulize mwalimu amwonyeshe kanuni ya sasa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa maandishi, asiridhike na ya kusimuliwa kwenye mkahawa. Popote pale, anachokwenda kujifunza hasa ni kurusha ndege ya injini moja ambayo injini hiyo imekaa mahali pasipofaa.

Hesabu yake ni ya kibanda cha chipsi. Mwenye kibanda akiuza kwa shilingi 10,000 kwa siku na gharama zake zikiwa 4,000, hubaki na 6,000. Siku mauzo yakishuka nusu, faida haishuki nusu, maana kodi na mafuta ya kukaangia hayajui kwamba wateja wamepungua: anabaki na 1,000. Ndege nayo hutumia sehemu ya nguvu yake kubaki hewani tu, kisha hupanda kwa kile kinachobaki. Injini moja ikizima, nusu ya nguvu imekwenda, na asilimia 80 au zaidi ya uwezo wa kupanda imekwenda nayo. Seminole kwenye usawa wa bahari, ambayo kwa injini zote mbili hupanda zaidi ya futi 1,000 kila dakika, hubaki na futi 200 hivi. Kwa mwendo wa noti 88 (noti hapa ni maili ya baharini kwa saa, si ya benki) hiyo ni kwenda karibu kilomita 2.7 ili kupata kimo cha jengo la ghorofa 20. Na hapo rubani hajakosea kitu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba sheria haikuwahi kudai zaidi. Kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege nyingi za aina hii, zenye uzito usiozidi pauni 6,000 na zinazotua kwa mwendo mdogo, hazikumtaka mtengenezaji athibitishe kwamba ndege itapanda kwa injini moja. Zilimtaka apime kinachotokea na kukiandika. Kama ni kushuka, aandike kushuka.

Joto huzidisha mambo. Mchana wa nyuzi 28 pale Wilson, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba mabawa na injini huona kama viko zaidi ya futi 8,000. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo karibu robo ya nguvu-farasi zake huwa zimebaki nyumbani. Ndiyo maana ombi la kwanza kwa mwalimu liwe la saa. Somo lianze saa moja asubuhi, hewa ikiwa baridi na imetulia, kabla ya jua kuanza kuchemsha nyanda za Athi na kuirusha ndege kama matatu kwenye barabara ya mashimo. Mwanafunzi anayepewa saa nane mchana kwa somo lake la kwanza aombe kubadilishiwa, hata kama atasubiri wiki.

Swali la pili ni la aina ya ndege, na jina peke yake halitoshi. Piper Seneca ya kwanza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuwa na tabochaja, na juu ya nyanda za Kenya ilikuwa na shida ile ile ya Seminole. Seneca II iliyofuata mwaka 1975 ilipewa injini za Continental zenye tabochaja, nguvu-farasi 200 kila moja, na dari yake ya injini moja ikapaa hadi zaidi ya futi 13,000. Machoni pa mpita njia ni ndege ile ile. Diamond DA42 ya Austria ina injini za dizeli zinazokunywa mafuta ya jeti, na kila injini ina kijiti kimoja tu; rubani akizima swichi kuu ya injini, mapanga ya propela hujilaza yenyewe, yaani hugeuka na kuukabili upepo kwa makali yake. Ni ndege nyepesi kuendesha, na hapo ndipo penye kasoro yake kwa mwanafunzi. Aliyejifunzia humo atakutana siku moja na ndege yenye vijiti sita, na mikono yake haitajua pa kwenda. Mwenye uwezo wa kuchagua aanze na vijiti sita.

Vijiti hivyo hukaa katikati ya viti viwili vya mbele, viwili viwili: vyeusi vya nguvu upande wa kushoto, vya buluu vya propela katikati, vyekundu vya mchanganyiko wa hewa na mafuta kulia. Siku moja kabla ya kuruka, mwanafunzi aombe nusu saa ya kukaa peke yake ndani ya ndege iliyoegeshwa, swichi zote zikiwa zimezimwa. Afumbe macho. Aguse cheusi cha kushoto, kisha cha buluu cha kulia, kisha chekundu cha kushoto, mpaka vidole vijue njia bila kuulizwa. Kukaa huko hakuchomi hata tone la mafuta, ilhali kutafuta kijiti kule juu kunachoma ya injini mbili kwa mpigo, na bili ni ya mwanafunzi.

Pamoja na vijiti, kuna namba mbili za kulala nazo. Ya kwanza ni mstari mwekundu kwenye kipima mwendo: noti 56 kwa Seminole, 66 kwa Seneca II. Ni mwendo wa chini kabisa ambao usukani wa mkia bado una nguvu ya kuizuia ndege isizungushwe na injini iliyobaki. Ya pili ni mstari wa buluu, noti 88 kwa Seminole na 89 kwa Seneca II: mwendo unaoipa ndege kupanda kwingi zaidi, au kushuka kudogo zaidi, kwa injini moja. Namba nyingine zinaweza kusomwa kitabuni. Hizi mbili zitoke mdomoni mwanafunzi akiamshwa usiku wa manane.

Mambo ya mavazi na tumbo hayahitaji maneno mengi. Viatu viwe vya soli nyembamba, kwa sababu somo hili hufanywa na miguu kuliko mikono, na soli nene huificha pedali. Chai na mkate vinatosha, pilau isubiri. Leseni, cheti cha afya na daftari la saa viwe mkononi. Na mtu asione haya mbele ya mizani: aseme kilo zake za kweli pamoja na begi, kwa sababu kwenye kimo cha Nairobi kilo 10 za uongo hutoka kwenye fungu lile lile dogo la kupanda.

Kuzunguka ndege kabla ya safari ni kazi ile ile ya Cessna, ila mara mbili, na hatari yake ni kuchoka kwenye bawa la pili. Mafuta yatolewe kidogo kutoka kila mahali pa kuchujia na kutazamwa kwenye kikombe angavu: petroli ya ndege ya daraja la 100LL ina rangi ya buluu hafifu, na maji, kama yapo, hukaa chini kama shanga. Jambo jipya ni bomba la kuchangiana, linaloiwezesha injini moja kunywa kutoka tangi la upande wa pili. Mwanafunzi amwambie mwalimu amwonyeshe swichi yake mahali ilipo na amweleze mafuta hupita wapi. Bomba hilo ni la safarini, injini moja ikiwa imelala. Wakati wa kupaa na kutua, kila injini hunywa kwenye tangi lake.

Kisha wakae chini waongee. Mazungumzo haya yasiyozidi dakika 20 ndiyo yanayomtofautisha mwalimu mzuri na mtu mwenye saa nyingi tu. Wakubaliane nani anaishika ndege na wanabadilishanaje: anayetoa anatamka, anayepokea anatamka, anayetoa anarudia. Wakubaliane pia injini "itauawa" kwa njia gani na kwenye kimo gani. Desturi njema ni hii: kwenye njia ya kurukia, mwalimu aijaribu hali hiyo kabla mwendo haujafika nusu ya mstari mwekundu, na mwanafunzi avute vijiti vyote vya nguvu na kufunga breki. Chini ya futi 3,000 kutoka ardhini, mwalimu apunguze kwa kijiti cheusi peke yake, ambacho kinaweza kurudishwa mara moja. Kuzima injini kabisa na kulaza mapanga yake kufanyike juu zaidi, karibu na kiwanja ambacho wangeweza kutua. Mwalimu anayejisifu kwamba huwazimia wanafunzi injini kwa kushtukiza mara tu magurudumu yanapoacha lami hafai kuajiriwa. Mwanafunzi ana haki ya kumshukuru na kwenda zake.

Sasa waende. Kwenye foleni ya Wilson asubuhi watajikuta nyuma ya Cessna Caravan zinazopeleka watalii Maasai Mara, zenye injini moja tu, ya tabaini, na watu dazeni ndani. Mwanafunzi azitazame vizuri. Wenye kampuni zile si wajinga wa hesabu. Wanajua kwamba injini moja madhubuti yenye rubani asiye na la kufikiria zaidi ya kuitua yaweza kuwa biashara salama kuliko mbili zenye rubani aliyesahau mazoezi.

Kabla ya kuingia njia ya kurukia, mwanafunzi aseme kwa sauti atakachofanya. Injini ikizima kabla ya kunyanyuka: vijiti vyeusi nyuma, breki, kubaki katikati ya mstari. Ikizima baada ya kunyanyuka huku magurudumu yakiwa bado nje na lami ikiwa bado mbele: kutua pale pale. Ikizima magurudumu yakiwa yameshaingia: hapa jibu linategemea hesabu zilizopigwa kitabuni asubuhi ile, kwa uzito ule na joto lile. Kama kitabu kimesema ndege haitapanda, asijifanye kwamba itapanda. Wilson imebanwa na makazi pande kadhaa, na kusini yake kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wajadili wakiwa bado chini ni wapi pa kuielekeza ndege ikiwa bado inasikia usukani. Kutua kwa hiari kwenye nyasi, mabawa yakiwa sawa, watu huweza kutoka wakitembea. Kuanguka kwa kupinduka ni habari nyingine kabisa.

Kupaa kwenyewe humfurahisha kila mtu. Sauti mbili zinaungana kuwa moja pale propela zinapolinganishwa, na zisipolingana husikika mvumo unaokuja na kuondoka, wa, wa, wa, mpaka kijiti cha buluu kisogezwe unywele. Magurudumu yanaingia, pua inaelekea kusini, vilima vya Ngong vikibaki kulia, kilele chake kikiwa zaidi ya futi 8,000. Robo saa ya kwanza ni ya kuzoea: kona, mwendo wa taratibu, kulisikia bawa likikaribia kuacha kubeba. Mwanafunzi wa Cessna ataona kwamba ndege hii ni nzito zaidi puani na huenda mbali kabla ya kupunguza mwendo. Mengine anayajua tayari.

Halafu, kwenye futi 9,500 za altimita, ardhi ikiwa kama futi 4,000 chini, mwalimu anaweka ramani juu ya vijiti ili mkono wake usionekane.

Pua inakwenda kushoto. Si kwa kishindo. Inateleza, kama gari lililopata pancha ya mbele, na bawa la kushoto linaanza kuinama. Mguu wa kulia unasukuma pedali mpaka goti linanyooka.

"Mguu gani umelala?" anauliza mwalimu.

"Wa kushoto, Kapteni."

"Basi?"

"Injini ya kushoto."

Hilo ndilo fumbo lote la utambuzi: mguu mfu, injini mfu. Mguu unaofanya kazi uko upande wa injini hai. Unaopumzika uko upande wa iliyokufa. Saa za injini humdanganya mwanafunzi, maana propela inayozungushwa na upepo bado huonyesha mizunguko mingi, na kipimo cha presha ya hewa huweza kukaa kana kwamba hakuna lililotokea. Mguu hauna ujuzi wa kudanganya.

Lakini kabla ya hata kutambua, kuna mambo ambayo mikono lazima ifanye, na mwanafunzi ayarudie nyumbani akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Pua ishikwe na mstari wa buluu upatikane. Vijiti vyote sita mbele: vyekundu, vya buluu, vyeusi. Flapu juu, magurudumu juu. Ndege iinamishwe kidogo, nyuzi zisizozidi tano, kuelekea injini iliyo hai, na kile kigololi cha kwenye kipimo cha kona kiachwe nusu nje upande huo huo. Rubani anayekirudisha katikati kabisa kwa mazoea ya Cessna anaipeleka ndege hewani kimshazari na kupoteza kupanda kule kudogo alikobakiwa nako. Ndipo yanakuja maneno matatu, kwa sauti: tambua, hakikisha, laza.

Neno la katikati ndilo linalookoa. Kuhakikisha ni kuvuta kijiti cheusi cha injini inayodhaniwa kufa, taratibu, na kusikiliza. Kama mlio haubadiliki na mguu haupati mzigo mpya wala nafuu, ni yenyewe. Kama ndege inanyamaza ghafla, mkono uko kwenye injini nzima, na kijiti kirudi mbele. Kosa la kuruka hatua hii si la wanafunzi tu. Tarehe 8 Januari 1989, marubani wa Boeing 737-400 ya British Midland iliyokuwa ikitoka London kwenda Belfast walizima injini ya kulia, ilhali iliyovunjika panga ni ya kushoto. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, wakafa watu 47. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia ilipopaa kutoka Taipei, propela ya kulia ilijilaza yenyewe, na kapteni akavuta kijiti cha injini ya kushoto, iliyokuwa nzima. Ilitumbukia mtoni, waliokufa ni 43. Wote hao walikuwa marubani wa kulipwa na wenye mafunzo. Mkono wenye haraka ulitangulia.

Kwa hiyo mwanafunzi asishindane na saa. Akijikuta anamaliza zoezi kwa sekunde nne na kujisifu, mwalimu mwenye busara atamwambia arudie kwa kumi.

Kulaza mapanga kunahitaji maelezo, maana ndiyo kazi ya kijiti cha buluu ambayo kwenye Cessna haipo. Propela iliyokosa injini huzungushwa na upepo na kugeuka breki. Mapanga yake hukaa bapa mbele ya hewa kama sahani iliyotolewa nje ya dirisha la basi. Kijiti cha buluu kikivutwa nyuma kabisa, mapanga hugeuka na kuukabili upepo kwa makali yake, propela inasimama, na mguu wa rubani unapata nafuu papo hapo. Ndani ya kitovu cha propela, mafuta ya injini yenye presha ndiyo yanayoyashikilia mapanga yakae bapa, na presha ikipotea, uzito wa pembeni, springi na gesi huyasukuma kulala. Ni kinyume cha ndege nyingi za injini moja. Kuna mtego, hata hivyo: pini ndogo huyazuia mapanga kulala mizunguko ikishuka chini ya kiwango fulani, ili yasijilaze kila injini inapozimwa kiwanjani. Kwa Seminole kiwango hicho ni mizunguko 950 kwa dakika. Rubani anayesubiri mpaka propela iwe inajizungusha kwa uvivu atakuta kijiti cha buluu hakina tena la kufanya.

Mara nyingi mwalimu hatailaza kweli. Atakiweka kijiti cheusi mahali ambapo injini haivuti wala haizuii, na kusema, "Chukulia imelala." Hakuna aibu katika hilo, ni salama, na somo ni lile lile.

Zoezi linalofuata humtoa mwanafunzi jasho: kuusogelea mstari mwekundu. Injini moja inavuta, nyingine imelegezwa, pua inainuliwa polepole ili mwendo upungue kama noti moja kila sekunde. Pedali inazidi kuwa ndefu, mpaka inafika mwisho. Mara pua inaanza kuteleza na mguu hauna tena pa kusukuma. Silika inasema ongeza nguvu. Silika imekosea, kwa kuwa nguvu ya injini ile moja ndiyo inayoizungusha ndege. Dawa ni kupunguza nguvu ya injini hai na kushusha pua, kwa pamoja, mpaka mwendo urudi. Ndege inatii, na mwanafunzi anagundua kwamba alikuwa ameshika pumzi.

Hapa kimo cha Nairobi kinaleta hila nyingine. Kwenye ndege isiyo na tabochaja, kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, injini hai huvuta kwa nguvu ndogo, na mstari mwekundu wa kweli hushuka chini ya ule uliochorwa. Mwendo ambao bawa huacha kubeba, kwa kipimo cha ndani ya ndege, haushuki. Namba hizo mbili hukaribiana mpaka zikakutana, na zikikutana ndege yaweza kuacha kubeba huku ikiwa imepinda, yaani kuingia kwenye mzunguko wa kuanguka, ambao ndege hizi hazikutakiwa kuonyesha kwamba zinaweza kutokamo. Kwa hiyo king'ora cha bawa kikilia, au ndege ikitetemeka, kabla pua haijateleza, zoezi limekwisha hapo. Mwalimu anayesema "endelea kidogo" asisikilizwe.

Kurudi kwa injini moja kunaonekana kugumu kuliko kulivyo, mradi mwanafunzi asikubali kwenda chini mapema. Mstari wa buluu ushikwe mpaka kutua kuwe na uhakika. Flapu za mwisho zingoje. Taa tatu za kijani za magurudumu zisomwe kwa sauti, na mwalimu azisome pia. Wachague mapema kimo ambacho chini yake hakuna tena kuahirisha kutua: wakipita hapo, wanatua, hata kama ni mbali kidogo kwenye lami, hata kama kutua kwenyewe hakutapendeza. Kujaribu kupaa tena kwa injini moja, flapu na magurudumu nje, kwenye hewa ya Wilson, ni kumwomba yule mwenye chipsi alipe madeni ya mji mzima kwa ile 1,000 yake. Magurudumu yakigusa, kijiti cheusi cha injini hai kinarudi nyuma na pedali iliyokuwa imekanyagwa inalegea kwa wakati huo huo. Anayesahau kulegeza atajikuta anaelekea kwenye nyasi.

Ndege ikishaegeshwa, mwanafunzi asikimbilie simu kutuma picha. Akae na daftari goti la kulia likiwa bado linatetemeka, aandike mambo matatu kwa tarakimu: mwendo uliokuwa kwenye kipimo pale pua ilipoteleza, futi walizopoteza tangu ramani ilipowekwa juu ya vijiti mpaka ndege ikatulia kwenye mstari wa buluu, na joto la asubuhi ile. Azilinganishe na za kitabuni akiwa na mwalimu, tofauti ikiwepo waitafute sababu yake, kisha waweke miadi ya somo la pili saa moja ile ile, safari hii mwanafunzi akileta hesabu ya uzito aliyoipiga mwenyewe.